Kengele ya Narok Kwenye Mahindi ya Kijiji

Ilikuwa mwaka sabini na nne. La, nakosea. Sabini na nne ndio mwaka wa njaa, mwaka wa unga wa njano, na shambani hakukuwa na kitu cha kumshawishi hata panya. Nguruwe pori mwaka ule hawakusumbua mtu kwa sababu hawakuwa na cha kujia. Basi ni sabini na sita, mvua zilipokwisha kurudi, na mahindi ya shamba la ujamaa yakasimama hata mtu akiingia katikati humwoni kofia. Ndipo nguruwe nao wakarudi, na ndipo Habakuki Mhina akatengeneza mtambo wake.

Habakuki hakuwa fundi wa kusomea. Shule yake ilikuwa madarasa machache ya misheni, kisha akaenda kwenye mkonge upande wa Korogwe, wakamweka kwenye korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi tupu. Kazi yake hasa ilikuwa kusikiliza. Mashine ikibadili sauti kidogo tu, yeye alijua ni wapi panakauka, akapeleka grisi. Wenzake walimtania kwamba korona ndiyo mke mkubwa na Rosina ndiye mke mdogo. Bei ya mkonge ilipoanguka, watu wakapunguzwa, naye akarudi Handeni na mkewe, sanduku la bati, mafungu ya kamba za katani, na yale masikio yake.

Alikuta operesheni imekwisha kupita. Watu walikuwa wametolewa kwenye makao yao ya zamani na kupangwa kwa mistari katika kijiji kipya cha Kwedimanga, upande wa Kang'ata. Akapewa kiwanja kama wengine. Akapewa na zamu ya kulinda shamba, kukaa juu ya dungu na kupiga kelele nguruwe wakija. Lakini mtu aliyelima tangu alfajiri akipandishwa kwenye dungu jioni, hata tembo akipita chini yake hamsikii. Kila asubuhi walikuta mistari ya mahindi imelala.

Mwenyekiti wa kijiji, Simeo, akaitisha mkutano barazani kwa ghala.

"Sisi tunapalilia, nguruwe wanavuna," alisema. "Mnaonaje, ndugu zangu?"

"Waandikishe nao, mwenyekiti," akajibu Mwantumu, mama mmoja asiyemwogopa mtu. "Mbona wanahudhuria shamba la ujamaa kuliko wanaume wa hapa?"

Watu wakacheka. Habakuki hakucheka, kwa sababu alikuwa ametekwa na wazo. Akanyanyua mkono.

"Nipeni madebe mabovu, chupa tupu, na majembe yaliyokatika. Kamba ninazo. Nitafanya shamba lenyewe lipige kelele."

"Shamba lipige kelele!" akasema Mwantumu. "Haya, baba. Na likishindwa, utalia wewe."

Akaanza. Alizungusha kamba pembeni mwa shamba, kimo cha goti la mtu, maana hapo ndipo kifua cha nguruwe kinapopita. Kila upande ulikuwa na kamba yake, na kila kamba ilikwenda kuishia kwenye kitu chake. Upande wa mto, debe lenye kokoto. Upande wa barabara, chupa zilizoning'inia zikigongana. Upande wa makaburi, jembe lililogongwa na kipande cha chuma. Mlinzi akiwa kwenye dungu, hata amefumba macho, aliposikia chupa alijua adui yuko barabarani. Aliposikia debe, yuko mtoni. Mnyama akigusa kwa upole, sauti ilikuwa ya upole. Akiparamia, shamba zima lilifoka.

Haikuwa kazi rahisi. Kamba ya katani ikinyeshewa na umande hujikaza, na asubuhi debe likawa linalia lenyewe, watu wakatoka mbio na mikuki kumfukuza umande. Mwantumu akapata la kusema wiki nzima. Habakuki akafungia jiwe mwisho wa kila kamba: kamba ikijikaza jiwe linapanda kidogo, ikilegea linashuka, na debe linatulia. Alipolipata hilo alikaa chini kwenye mtaro akacheka peke yake. Hapo tena nguruwe wakapungua.

Lakini hawakuisha. Walibaki wakiingia upande wa kichakani, palipo na njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji. Nguruwe wa upande ule walikwisha kuzoea debe. Habakuki akawaza: nguruwe anaogopa nini hasa? Anaogopa Mmasai. Anaposikia kengele ya ng'ombe anajua nyuma yake kuna mbwa na mkuki. Kwa hiyo pale kichakani panataka kengele, tena si ya kugongagonga ovyo, bali ya kulia kama ng'ombe anayetembea.

Akaenda kwa Moreto.

Moreto alikuwa na boma lake ng'ambo ya njia ya maji, tangu kabla kijiji hakijawekwa. Alijuana na Habakuki tangu ujana, enzi Moreto akipeleka ng'ombe mnadani Korogwe na kulala kwenye kambi ya mkonge, chumba kimoja na Habakuki, blanketi moja. Kwa hiyo hawakuwa na maneno mengi ya kuzungukana.

"Unataka kengele ya Narok," Moreto alisema. Narok alikuwa jike mweusi aliyeongoza kundi. Alikokwenda yeye, wengine walikwenda. "Ya ng'ombe mwingine hutaki?"

"Za wengine zinalia kama sahani. Ya Narok ina sauti ya mtu mzima."

Moreto akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe na masikio yako! Haya. Lakini nisikilize, rafiki yangu. Ng'ombe wangu hawamfuati Narok kwa macho. Kwenye kichaka macho hayafai kitu. Wanafuata hii." Akaigonga kwa kucha. "Pale ulipopasema ni karibu na njia yao ya maji. Mchana ishindilie nyasi mdomoni, isilie kabisa. Jioni, ng'ombe wangu wakiwa bomani, ndipo uitoe. Usisahau hata mara moja."

"Nitasahauje?"

"Na utanirudishia lini?"

"Wageni wa wilayani wakishaondoka. Wanakuja kuuona mtambo wiki hii."

Moreto akamvua Narok kengele shingoni. Yule ng'ombe akatikisa kichwa mara kadhaa, kama anayetafuta kitu alichokiacha mahali.

Habakuki aliifunga kengele kwenye mti mwembamba wa mkole uliosimama ndani kidogo ya mahindi upande wa kichakani, mti unaopinda bila kuvunjika. Kamba ikiguswa, mkole uliachiwa, ukayumba polepole, na kengele ikalia ko... ko... ko, kisha kimya kidogo, kisha ko... ko, sawasawa na ng'ombe anayekwenda akikata majani. Hata upepo wa kiasi ulitosha kuuyumbisha. Hakumwonyesha mtu ila Rosina. Alitaka iwe ya mwisho kuonyeshwa siku ya wageni, wafikiri ng'ombe yuko kichakani, kisha awapeleke wakaone hakuna ng'ombe.

"Kama mtoto," Rosina alisema, lakini na yeye alicheka.

Wageni hawakuja wiki ile. Gari limeharibika, ilisemekana. Wiki iliyofuata kukawa na kikao mkoani. Moreto akapita shambani.

"Sopa, fundi. Narok anatembea kama mwizi, kimya kimya. Binti yangu anachoka kuwakusanya wengine."

"Vumilia kidogo, Moreto. Kesho kutwa wanakuja kweli."

"Nyasi unaweka?"

"Naweka."

Na alikuwa anaweka. Hilo lazima lisemwe. Kila asubuhi alikuwa anaweka.

Siku moja kabla ya wageni, Habakuki aliamka na hamu ya kuusikia mtambo wote mara ya mwisho. Akazungukia upande wa mto, akazungukia barabara, akazungukia makaburi. Akafika kwenye mkole na nyasi za siku ile mkononi, akagusa kamba kabla hajazishindilia. Ko... ko... ko. Akafumba macho. Hajapata kutengeneza kitu kizuri kama kile maishani mwake.

"Habakuki!" Simeo alikuwa anaita kutoka barabarani. "Habakuki! Watu wote wanafyeka barabara ya wageni, wewe unabembeleza miti?"

Akaenda mbio. Nyasi alizitupa pale chini, akijisemea atarudi mara moja. Akapewa fyekeo. Wakafyeka, wakaimba, wakataniana, jua likapanda. Hata mara moja hakukumbuka.

Mchana upepo ulianza. Naeku, binti wa Moreto, msichana aliyekaribia kuolewa, alikuwa akiwapeleka ng'ombe majini peke yake, kaka zake wakiwa malisho ya mbali. Kilichotokea pale njiani hakuna aliyekiona ila yeye. Waliokuwa barabarani walichosikia ni madebe. Kwanza debe, kisha chupa, kisha jembe, kisha vyote kwa pamoja, shamba zima likipiga kelele kana kwamba linaungua.

Na jambo lililomla Habakuki baadaye kuliko yote ni hili: aliposikia, kitu cha kwanza moyoni mwake kilikuwa furaha. Alifikiri, unafanya kazi! Akakimbia mbele ya wengine akitabasamu.

Akakuta mahindi yamelazwa njia nzima kutoka kichakani. Ng'ombe wa Moreto wamesimama kuuzunguka mkole, wametulia kama wako bomani kwao, wengine wanatafuna mabua, kamba za mtambo zimekatika na kuwaning'inia miguuni. Katikati alisimama Narok. Alikuwa anailamba kengele.

Habakuki alisikia sauti za watu zikija nyuma. Mkono wake ukatangulia kabla ya akili. Akafungua fundo, akaivuta kengele chini ya ulimi wa Narok, akaitia ndani ya shati, akaibana kwa kwapa isilie. Alipogeuka, Naeku alikuwa amesimama kati ya mahindi, fimbo mkononi, anamtazama.

Kisha watu wakafika, na makelele yakawa ya watu.

Kamati ilikaa jioni ile ile barazani kwa ghala. Watu walikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa na haki yake, maana njaa ya unga wa njano haikuwa mbali. Moreto alisimama katikati, shuka amelitupia begani, Naeku nyuma yake.

"Mzee Moreto," alisema Simeo, "tumekaa na wewe vizuri. Maji tumekuachia. Sasa unatulishia shamba siku moja kabla ya wageni. Umetumwa?"

"Sikutumwa."

"Basi ng'ombe wameingiaje? Wamepotea njia mchana kweupe, njia wanayopita kila siku?"

Naeku akafungua mdomo. Moreto akamwambia neno moja kwa Kimasai, bila kugeuka, na binti akafunga mdomo.

"Amekatazwa kusema ukweli, mnaona!" mtu mmoja akapaza sauti.

Simeo akamgeukia fundi. "Habakuki, wewe ndiye mwenye mtambo. Ulikuwa wa kwanza kufika. Kuna sababu yoyote ya ng'ombe kuingia pale?"

Kengele ilikuwa nyumbani, ndani ya sanduku la bati. Habakuki alijua kwamba akisema, mtambo utakatwa kamba usiku huo huo. Kwamba wageni wataonyeshwa mahindi yaliyolala na mtu aliyeyalaza. Kwamba Mwantumu atakuwa na la kusema si wiki bali maisha. Alijua pia kwamba asiposema, Moreto ataondolewa kwenye maji. Yote mawili aliyaona wazi, kama mtu anavyoona ukingo wa mto na ukingo wa pili. Akamtazama Moreto. Moreto naye alikuwa anamtazama, si kwa ukali, bali kama mtu aliyekaa karibu na mwenzake anayetafuta neno, akampa muda alitafute.

"Ng'ombe ni ng'ombe," alisema Habakuki. "Wakiona mahindi wanaingia."

Moreto alimtazama bado kidogo. Kisha akainamisha macho akatazama vidole vyake vya miguu, na hakuyainua tena kumtazama Habakuki, siku ile wala siku nyingine.

Likakatwa shauri kwamba fahali mmoja achukuliwe kwa ajili ya mahindi, na Moreto ahame na boma lake kabla ya jua la kesho kuchwa. Hakubishana. Alisema tu, "Nimesikia," akashika njia.

Nyumbani Rosina alikuwa amekaa kwenye sanduku la bati, amelikalia kama kiti.

"Nenda kamwambie Simeo."

"Wageni wakiondoka."

"Wageni wakiondoka na Moreto atakuwa ameondoka. Nenda sasa hivi, baba Serafina. Mimi nitakwenda na wewe. Watatucheka, basi. Kicheko kinaua?"

"Nimesema wageni wakiondoka."

Rosina akanyanyuka kwenye sanduku, akaenda kulala na mtoto wao Serafina upande wa pili.

Wageni walikuja, kweli safari hii. Habakuki alikuwa ameunganisha kamba tangu alfajiri. Akamwambia mgeni mkubwa aguse hapa, aguse pale. Debe likalia, chupa zikalia, mgeni akacheka kama mtoto na kupiga makofi. Akauliza, "Na ule mti uliopinda, pale pana nini?"

"Palikuwa na debe," Habakuki alijibu. "Limetoboka."

Ng'ambo ya njia ya maji lilionekana vumbi. Lilikuwa likienda taratibu upande wa magharibi. Habakuki alitega masikio, akasikia kengele ndogo ndogo za Moreto, zile alizozisema zinalia kama sahani, zimetawanyika huku na huku, hazina ya kuzikusanya. Mgeni alikuwa bado anaongea. Alikuwa anasema vijiji vingine vije kujifunza hapa.

Fahali wa Moreto alichinjwa kwa ajili ya wageni. Fundi akapelekewa nundu, heshima yake, kwenye sahani ya bati. Akaichukua nyumbani.

"Hiyo usiniingizie jikoni," Rosina alisema akiwa mlangoni.

Akaizika nyuma ya nyumba, kama mtu anayeficha alichoiba.

Alikwenda kumwambia Simeo, maana aliahidi. Lakini alikwenda baada ya mavuno, na Simeo akamsikiliza mpaka mwisho akapiga miayo. "Sasa unataka nifanye nini, Habakuki? Moreto yuko Kiteto huko, au hata sijui. Na wewe vijiji viwili vimekuomba ukawafundishe. Acha mambo yaliyokwisha." Hata kuadhibiwa hakuadhibiwa. Alisimama pale barazani akingoja kidogo, kama mtu aliyelipa akarudishiwa pesa yake asijue aiweke wapi.

Hakuwafundisha wale wa vijiji viwili. Mwaka uliofuata aliziacha kamba zake zikaoza, na watu wakarudi kwenye zamu za dungu. Mwantumu, ambaye wote walidhani atacheka, hakucheka. Alimletea mbegu za kunde akasema tu, "Baba, umekonda."

Habakuki akaanza kutembea. Akitoka kuuza kuku anapitia mnadani. Akienda Mashewa kwa ndugu za Rosina anazunguka njia ndefu ya malisho. Popote alipoona shuka jekundu alisimama, akasalimia "Sopa," akauliza kama kuna anayemjua Moreto mwenye jike mweusi. Kengele alikuwa nayo kwenye mfuko, imeshindiliwa nyasi. Nyasi zikikauka na kumeguka, alizitoa akaweka mpya, asubuhi, kama alivyoagizwa. Watu wa njiani walimzoea. Walimwita mzee wa kengele isiyolia.

Serafina alipoolewa Kilole, pale Korogwe mjini, Habakuki alikwenda kumtembelea mara kwa mara. Ndipo siku moja sokoni akamwona mwanamke wa Kimasai ameketi na vibuyu vya maziwa, mtoto mgongoni, na kabla hajayaona macho alijua ni nani kwa jinsi alivyosimamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee," alisema Naeku.

Hilo lilimchoma. Alikuwa amejitayarisha kwa mengi, ila si kwa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Baba yako..."

"Baba alituacha. Mwaka wa kiangazi kile kikubwa."

"Na Narok?"

"Narok alitangulia. Kule tulikokwenda kichaka ni kizito. Ng'ombe wenzake hawakuweza kumfuata, akawa anarudi kuwatafuta mmoja mmoja, mpaka siku moja hakurudi na yeye."

Habakuki akafungua mfuko, akatoa kengele, akaiweka kwa mikono miwili kati ya vibuyu. Naeku aliitazama. Akaigeuza, akaona nyasi mbichi mdomoni mwake, za asubuhi ile. Akapitisha kidole kwenye nyasi zile, lakini hakuzitoa. Akaifunika kwa upande wa shuka lake, mtoto akanyoosha mkono kuishika.

"Mwanangu," Habakuki alisema, "baba yako alijua kengele ninayo mimi. Yeye ndiye alinipa kwa mkono wake. Wewe ulitaka kusema, akakuzuia."

Mteja alikuwa amesimama na chupa yake, anauliza kama maziwa ni ya leo, Naeku akageuka kummiminia, akammiminia polepole sana, hata chupa ilipokwisha kujaa aliendelea kuiangalia. Kisha akaja mteja mwingine.

Habakuki alimwuliza Rosina, akasema hayo angeulizwa Moreto mwenyewe. Alimwuliza mchungaji, akaambiwa asali. Aliwauliza wazee wa Kimasai kwenye minada mingi, wakatazamana wao kwa wao, wakamkaribisha maziwa. Mpaka anakuwa mzee wa kushikwa mkono kuvuka barabara ya Kilole, yeyote aliyekaa naye muda wa kutosha aliulizwa swali lile lile:

"Watu wote walikuwa pale barazani, na neno moja lingemwokoa. Kwa nini hakunitaja?"